Mzee Mwinshehe Anastaafu, Kasha Lake Bado

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Mzee Mwinshehe Ahmadi Mloka, seremala mkuu wa Bustani ya Magamba, atastaafu baada ya kuitumikia bustani yetu kwa miaka ishirini na miwili, miezi mitatu na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake. Kwenye rasimu mimi niliandika "miaka ishirini na miwili" nikaona inatosha, akanirudishia karatasi na kusema miezi na siku zake zimekwenda wapi. Msomaji ambaye hajawahi kufanya naye kazi aanzie hapo kumwelewa.

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa maelezo kwamba mimi, Modesta, msimamizi wa wanyama tangu mwaka 2009, ndiye niliyefanya naye kazi kwa karibu kuliko wote. Tuseme ukweli: mimi ndiye niliyegombana naye kuliko wote. Kwa miaka kumi na sita yeye ametengeneza makasha ya kufugia nyoka, kenge, kobe na vinyonga, na mimi nimesimama mlangoni pa karakana na mnyama mkononi nikiuliza kama kasha liko tayari. Jibu lake lilikuwa neno moja. Nitalitaja baadaye kidogo, kwa sababu kila nikilitaja shinikizo la damu hupanda.

Alizaliwa Kinole, huko juu kwenye milima ya Morogoro ambako mdalasini na karafuu vinaota hadi nyuma ya vyoo. Aliletwa hapa Machi 2003 kwa mkataba wa miezi miwili, atengeneze madawati ya darasa la wageni. Siku ya tatu alipita kwenye kasha la kenge, akainama, akabonyeza pembe ya chini kwa kidole gumba, na kidole kikazama kwenye mbao kama kwenye ndizi iliyoiva. Aliuliza nani fundi wa hiki kitu. Fundi hakujulikana. Madawati yalikamilika, lakini Mzee hakuondoka tena, na mpaka leo ametutengenezea makasha mia moja na kumi na tisa. La mia na ishirini ndilo lililoniharibia mwaka huu, na tutalifikia.

Kwa wasiojua kazi hii, wanyama wetu wengi ni wale waliofugwa majumbani na watu waliokuja kuchoka nao. Wanaishi ndani ya makasha ya mbao yenye kioo mbele, na ndani humo kuna unyevu, joto, maji yaliyomwagika na mkojo. Mbao isipozibwa vizuri hunywa vyote hivyo, ikaoza na kuota ukungu. Ikizibwa vibaya, kwa vanishi isiyofaa au ambayo haijakauka, mvuke wake humuua mnyama kimya kimya. Kwa hiyo unahitaji vanishi ya maji, unahitaji uvumilivu, na kwa bahati mbaya ukihitaji uvumilivu unaletewa Mzee Mwinshehe.

Mapaka matatu, yaani kupaka vanishi mara tatu, yanatosha, hata maandishi ya kwenye kopo yanasema hivyo. Yeye alipaka matano. Kila paka likikauka alilipitia kwa msasa laini, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akaanza upya. Zile ncha zilizokatwa na msumeno alizipaka kwanza, na mara mbili, akisema ndizo midomo ya mbao. Maungio aliyajaza silikoni. Alipaka mgongo wa kasha na tumbo lake, sehemu ambazo hakuna mgeni atakayeziona hadi kiama, na nilipomuuliza kwa nini anapoteza vanishi alinijibu kwamba mkojo wa chatu hauchagui upande wa wageni. Kisha aliwasha taa ya joto ndani ya kasha tupu siku tatu mfululizo, ili litoke jasho. Alimwaga tone la maji kwenye pembe akaliacha hadi kesho yake. Tone likikutwa limesimama duara, tunaendelea. Likikutwa limenyweka, tunarudi kwenye msasa, na mimi narudi kumtafutia mnyama mahali pengine pa kulala.

Baada ya yote hayo, ndipo zamu ya pua ilipofika.

Kila asubuhi kabla ya chai, kwa kuwa alidai chai huichafua pua, Mzee alifungua mlango wa kasha lililofungwa usiku kucha, akaingiza kichwa chote ndani na kutulia humo akihesabu hadi mia. Sisi tulisimama nje tukiutazama mgongo wake. Akitoka, alifuta miwani na kusema: "Bado."

Hilo ndilo neno. Siku ishirini na moja za kiangazi, siku thelathini za masika, na kila siku bado. Mameneja watatu wamepita hapa, na wote watatu nimewaona wakimfuata nyuma nyuma wakimweleza ratiba ya wageni. Meneja wetu wa sasa, Bwana Abdulatif, aliwahi kumchapishia kalenda kubwa yenye tarehe ya ufunguzi iliyozungushiwa wino mwekundu. Mzee alimshukuru sana, akaitandaza chini ya makopo ya vanishi.

Pua hiyo ilitutesa na mengine. Mafuta ya kujipaka yenye manukato yalipigwa marufuku karakana, na baadaye uwanja mzima. Sabra wa mapokezi alitoka harusini Kilakala amefukizwa udi, Mzee akamwomba amsalimie kutoka getini. Paulo, anayehudumia nyoka, alijulikana kwamba anavuta sigara kabla hajafika kona ya choo. Maziwa ya chai yalitupwa siku moja kabla sisi wengine hatujayatilia shaka. Ilikuwa kero, naandika nikiwa na akili timamu. Ila kama miaka miwili hivi iliyopita aliacha kutunusanusa. Paulo aliunguza maharage palepale karakana, Mzee akala sahani nzima akashukuru. Tukasema uzee umemlainisha, tukamshukuru Mungu.

Sasa niseme kwa nini tulivumilia. Mwaka 2011 Mzee alikwenda Kinole kwenye msiba wa kaka yake. Meneja wa wakati huo alikuwa na wageni, kasha la vinyonga halijaisha, akaletwa fundi kutoka mjini na kopo la vanishi ya mafuta. Lilimalizika kwa siku mbili, liking'aa. Mimi ndiye niliyewaingiza wale vinyonga wanne kwa mikono yangu. Siku ya tatu asubuhi wote walikuwa chini, midomo wazi. Mzee aliporudi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliwafukia nyuma ya karakana, akalivunja kasha vipande vipande, kisha akaenda kununua daftari la kurasa mia mbili. Tangu siku hiyo kila kasha lina mstari wake humo: tarehe ya paka la mwisho, idadi ya siku, safu ya harufu ambayo yeye huandika "imeisha", na safu ya sahihi yangu. Bila vyote viwili mnyama haingii. Katika miaka kumi na minne ya daftari hilo hatujafukia mnyama hata mmoja kwa sababu ya kasha.

Turudi mwaka huu. Tunaye chatu jike aliyeletwa na wakulima wa Kinole akiwa na jeraha la panga, ndiyo maana anaitwa Mama Kinole. Mwezi wa Aprili sakafu ya kasha lake la zamani ilianza kuoza pembeni, akawa analala kwenye unyevu, magamba ya tumbo yakaanza kutoa vidonda. Kila siku aliyokaa mle vidonda viliongezeka. Nilikuwa namsafisha asubuhi na jioni, nahesabu vidonda, na kilio changu kilikuwa kimoja: kasha jipya. Mzee alimaliza paka la tano tarehe 2 Mei. Meneja akapanga wageni wa kutoka Dar es Salaam waje kulizindua Ijumaa, tarehe 30. Kwa hesabu ya masika ilikuwa karibu kabisa na siku thelathini, nikaona safari hii tumekwenda sawa.

Mzee akasema tarehe 15 Juni. Nikamuuliza imekuwaje thelathini zikawa arobaini na nne. Akasema mvua. Kweli mvua ilikuwepo, lakini mvua ya Morogoro haikuanza juzi. Nikagundua kwamba miaka hii miwili kila kasha lilikuwa likichelewa wiki mbili zaidi ya zamani, na hakuna aliyekuwa akitueleza sababu. Nilipiga kelele. Nilimwambia anamwozesha chatu akiwa hai. Nilimwambia mengine ambayo hayafai kwenye kijarida cha wafanyakazi. Aliinua brashi, akaitazama, akasema, "Mwanangu Modesta, bado."

Hapa naomba Meneja akae chini, kwa sababu yanayofuata atayasoma kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nimekwisha ingiza kichwa changu kwenye kasha lile nisisikie kitu. Nikaamini kwamba pua ya Mzee imeanza kusikia visivyokuwepo. Kila msimu mkewe, Mama Mwaisha, hutuletea wafanyakazi vifurushi vya karafuu na mdalasini kutoka shambani kwao. Jumanne ya tarehe 27 Mei, watu walipokwenda chakula cha mchana, nilichemsha kifurushi changu chote, nikachovya kitambaa humo, nikafuta kasha la chatu ndani, juu, chini na pembeni. Mawazo yangu yalikuwa kwamba Mzee akikutana na harufu ya kwao atalegea na kusema imeisha. Mtu mzima, mwenye stashahada ya utunzaji wa wanyamapori, mama wa watoto watatu, ndiye aliyefikiri hivyo.

Jumatano asubuhi Sabra alitoka mapokezi, ng'ambo ya uwanja, akauliza nani anapika pilau saa moja asubuhi. Paulo alikuwa anameza mate. Mzee akaja, akasalimiwa shikamoo, akafungua kasha, akaingiza kichwa chote, akahesabu hadi mia. Akatoka, akafuta miwani.

"Bado," akasema. "Vanishi inasikika."

Akaenda kunywa chai yake. Hakuuliza nani kapika humo ndani. Huyu ni mtu aliyemzuia Sabra getini kwa udi wa harusi.

Nilibaki nimeshika mlango wa kasha. Ndipo nikakumbuka maharage ya Paulo. Nikaenda kuchukua daftari, nikafungua kurasa za nyuma. Mpaka Juni 2023 safu ya harufu inasema imeisha, imeisha, imeisha. Kuanzia hapo, makasha saba mfululizo, kuna kistari kifupi tu, na safu ya siku imeongezeka kumi na nne. Mzee hakuandika uongo hata mara moja. Na pembeni ya kila kistari, kwa mwandiko mzuri kabisa, iko sahihi yangu. Niliweka sahihi mara saba bila kusoma. Nilikuwa na haraka.

Nilimfuata karakana. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilisahau kupiga hodi.

"Mzee, umesikia harufu gani mle?"

"Nimekwambia. Vanishi."

"Nimechemsha karafuu za Mama Mwaisha nikapaka kasha zima."

Akaweka msasa mezani. Akauliza, "Karafuu zetu?"

"Zenu."

"Zinanukiaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilimwambia zinanukia kama pilau. Akatikisa kichwa, akasema basi ni za mwaka huu, za mwaka jana mvua iliziharibu.

Pua ilikufa kwa mafua makali ya mwaka juzi, akanieleza, na haikurudi. Aliogopa kwamba akisema, ataletwa tena fundi wa kopo moja na siku mbili. Kwa hiyo alitumia kalenda. Zile siku ambazo pua ingemhakikishia, akaziongezea wiki mbili, na kila asubuhi akaendelea kuingiza kichwa ndani ya makasha asimosikia kitu, akituacha tumkasirikie. Miaka miwili! Nilimwambia kwamba ni mkaidi na mzembe, na kwamba angeniambia ningemnusia. Akasema, "Wewe? Wewe una haraka." Nilikuwa bado nanuka karafuu mikononi.

Jioni hiyo kulikuwa na kikao cha maandalizi. Meneja aliniuliza mbele ya watu kama naona sababu yoyote ya chatu kutoingia Ijumaa. Hiyo ndiyo nafasi niliyoitafuta miaka kumi na sita. Neno moja tu kuhusu pua ya Mzee, na kila bado yake ingekuwa imekwisha, chatu angepata nyumba, na mimi ningekuwa nimeshinda. Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha anatazama mikono yake. Nikafikiria wale vinyonga wanne. Kisha nikafikiria kwamba kutokana na upumbavu wangu mimi mwenyewe hakuna pua yoyote duniani inayoweza kusema chochote kuhusu kasha lile, kwa kuwa linanuka pilau.

"Bado, Meneja," nikasema.

Mzee aligeuka akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Wageni walikuja Ijumaa wakaoneshwa kasha tupu. Mmoja aliuliza mnyama gani anakaa humo na kwa nini pananukia vizuri hivyo. Mzee akamjibu kwa adabu kwamba ni chatu, ila bado. Meneja hakusema na yeyote kati yetu hadi Jumanne, na leo anajua kwamba aliyestahili kununiwa ni mmoja tu.

Mafuta ya karafuu yalikuwa yamekwisha lainisha paka la juu. Ilibidi tuliondoe lote kwa msasa na kupaka upya, na Mzee aliniketisha chini nikasugua kwa mikono yangu, siku sita, baada ya kazi zangu. Pembe za ndani ni za vidole, mashine haifiki. Wakati huohuo alivunja sakafu iliyooza ya kasha la zamani na kumwekea Mama Kinole mbao ya muda, ambayo, sihitaji hata kusema, ilikuwa imepakwa mapaka matano mwezi Januari na kuwekwa pembeni ikisubiri siku ya shida. Vidonda vimeanza kukauka. Hakuniambia kwamba anayo hadi nilipoanza kusugua.

Paka la mwisho la kasha la mia na ishirini lilipakwa tarehe 6 Juni. Kwa usalama tumelihesabia masika, hivyo siku thelathini zitatimia tarehe 6 Julai, na Mzee anastaafu tarehe 30 Juni. Ni kasha la kwanza ambalo hatakuwepo likipita. Tangu wiki iliyopita amenipa daftari, na kila asubuhi kabla ya chai mimi ndiye ninayeingiza kichwa na yeye ndiye anayesimama nje akiutazama mgongo wangu. Anahesabu kwa sauti ili nisidanganye. Meneja, nimekwisha mfundisha na Paulo, na sigara ameacha. Hakuna haja ya fundi wa kopo moja.

Nilimsomea Mzee aya zote hizi kabla ya kuzipeleka kwa Meneja. Alisema nibakishe kila kitu kuhusu pua, ila nifute neno "mzembe". Nimelibakisha. Na mimi nimejiita mpumbavu humu, tuko sawa.

Wageni waalikwa wa tarehe 30 wanaombwa wasijipake manukato. Watakaotaka kumwona Mama Kinole watamkuta kwenye kasha lake la zamani. Nimetoa kichwa changu kwenye lile jipya asubuhi hii, Ijumaa tarehe 27, na jibu mnalijua.

Mzee Mwinshehe, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wanyama mia na zaidi ambao hawajui kwamba wanakudai asante, tunakushukuru. Tunakuombea afya, mgongo usiokuuma, na siku ndefu huko Kinole pamoja na Mama Mwaisha. Unarudi kuishi katikati ya karafuu na mdalasini usivyovisikia, na jambo hilo limenisumbua kuliko nilivyotegemea. Daktari amesema pua huweza kurudi polepole. Mama Mwaisha ameniambia kwamba kila asubuhi kabla ya chai anakuwekea karafuu moja chini ya pua na kukuuliza, na wewe unafunga macho, unahesabu hadi mia, na kumjibu lile neno lako.

Endelea kumjibu hivyo hivyo, Mzee. Sisi tumekwisha kulizoea, na tutangoja.